Picha Isiyokuwa na Ng'ombe Hata Mmoja

Katoro, Geita
7 Agosti 2024

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Maduhu,
Samuye, Shinyanga.

Shikamoo baba. Naamini umeitikia, hata kama umeitikia kwa sauti ya chini, maana najua una neno na mimi. Mwangaluka kwa wote hapo bomani. Mimi mwanao Mariana ni mzima wa afya, isipokuwa koo limekwaruza tangu Jumapili, na sababu ya kukwaruza huko ndiyo iliyonifanya ninunue karatasi na kalamu wakati simu ninayo mfukoni. Macho yanaendeleaje? Wifi yangu Sikujua alinieleza kwamba kule hospitali ya Kolandoto walikutoa mtoto wa jicho pande zote mbili, bandeji zimeshafunguliwa, na kwamba siku ya kwanza tu uliwakagua ng'ombe mmoja mmoja ukasema yule wa mabaka amekonda na watu walikuwa wanakuficha. Nilicheka peke yangu barabarani. Michembe ya viazi uliyonitumia imefika, wabeja, asante sana. Nimeila na karanga mpaka imebaki ya kuonja.

Sikutaka kupiga simu kwa sababu nikipiga, wifi Sikujua huiweka kwenye spika na boma zima linakaa kimya kusikiliza, hata majirani. Barua hii naomba akusomee yeye kama kawaida. Lakini karatasi ya mwisho nimeikunja peke yake na kuishona kwa uzi mwekundu. Hiyo, baba, uifungue na kuisoma mwenyewe kwa hayo macho mapya. Wifi, najua unasoma hapa kwa sauti na umeshaanza kuupapasa huo uzi. Uache.

Sasa nianze. Uliyoyasikia kutoka kwa watu wa mnadani ni kweli. Nilipoondoka nyumbani nilikuambia nakwenda kupika, na nimepika miaka mitatu, wali na maharage, nimeungua mikono yote miwili. Ila kwa mwaka mmoja na nusu sasa natafsiri picha katika banda la video la Mwigulu. Banda lenyewe ni la mabati, lina mabenchi kumi na manne, turubai jeusi mlangoni la kuzuia jua, na mbele ukuta uliopakwa chokaa ambao projekta inaupiga. Picha ikiwa ya lugha ya kigeni, mtafsiri anakaa pembeni na kipaza sauti anawaeleza watu kinachosemwa. Sufuria zangu zilikuwa nyuma ya bati la banda hilo. Nilikuwa nasikia kila kitu, na mtafsiri aliyekuwepo alipokuwa anaharibu hadithi nilikuwa namkosoa kwa sauti huku nakaanga vitunguu. Siku moja alihamia machimbo mengine bila kuaga, wateja wakaanza kupiga mabenchi, na Mwigulu akaja nyuma ya bati akaniambia kwa kuwa mdomo ninao, niingie nao ndani.

Niseme na hili, ili usije ukaambiwa na mtu mwingine. Kihindi sikijui. Kichina sikijui. Hakuna mtafsiri hata mmoja hapa anayezijua lugha hizo. Tunatazama nyuso, tunasikiliza sauti inapanda au inashuka, mengine tunayajaza wenyewe. Watazamaji wanalijua hilo na hawadai. Wanachodai ni hadithi isimame kwa miguu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na isipokuwa hivyo wanakuzomea bila huruma.

Nasikia ulipoambiwa kwamba nazifanya hasa zile picha za zamani za Kihindi, ulikasirika, ukaamuru niache mara moja, kisha ukauliza mara tatu ni picha zipi hizo. Nilijua tu ni kwa sababu mimi ni mwanamke na pale wamejaa wanaume waliotoka kwenye maduara, mashimo ya kuchimba dhahabu, na matope yao magotini. Iliniuma. Iliniuma kwa sababu hii kazi nimeipata kwako. Nani mwingine alitukalisha wakati wa kupukuchua mahindi akatusimulia picha alizoziona akiwa kijana katika sinema ya Mhindi pale Shinyanga mjini, amekaa mstari wa mbele kabisa, kwa sauti zote, ya bwana, ya bibi, ya jambazi, mpaka na mlio wa mlango? Marehemu mama alikuwa anacheka akitazama mahindi yake. Sisi tulikuwa tunasahau kupukuchua. Kwa hiyo hasira zako nilizisikia, baba, ila sikuacha, na naomba unisikilize nilivyokaidi kabla hujahukumu.

Mimi ni mtazamaji mwenye maoni. Ninayasema hata nisipoulizwa. Picha za siku hizi zina haraka ya mtu aliyeacha ugali jikoni. Mtu hajaingia mlangoni ameshapigwa risasi, hata jina lake hujalijua, utamlilia vipi? Katika picha ya zamani mtu anafungua mlango, anaingia, anatundika kofia, anavuta kiti, anakaa, anamtazama mwenzake. Ndipo anasema amekuja kuvunja uchumba. Kufikia hapo umeshampenda au umeshamchukia, na neno lake linakufika mahali pake. Sisemi kwamba kila cha zamani ni kizuri. Nyimbo nyingine ni ndefu kiasi kwamba unaweza kwenda kisimani na kurudi ukakuta bado wanazungukana kwenye mti. Majambazi wote wana masharubu. Wanawake wanazimia ovyo, na nimeshawahi kusema kwenye kipaza sauti kwamba huyu dada akizimia tena tumpeleke zahanati akapimwe. Lakini watu wale walikuwa wanajua kusubiri, na mchimbaji ni mtu anayejua kusubiri kuliko mtu yeyote. Anashuka chini wiki nzima kwa ajili ya jiwe moja.

Na vichekesho vya televisheni ndivyo usiseme. Nikhil, yule kijana wa Kihindi mwenye duka la kamba na pampu hapa Katoro, alikuwa anasafisha stoo akanipa kisanduku cha kanda za zamani pamoja na deki yake. Ndani kulikuwa na kanda tano za vichekesho vya hapa hapa kwetu, mtu alivirekodi kutoka kwenye televisheni zamani, katikati kuna tangazo la sabuni ambalo watu sasa wanaliimba lote. Kuna kimoja cha mwenye nyumba mlafi anayenusa sufuria za wapangaji. Wapangaji wanamtegea ndoo ya maji ya vyombo mlangoni. Sasa angalia, baba. Kichekesho kipya kinaificha ndoo ili ushtuke, na ukishashtuka kimekwisha. Kile cha zamani kinakuonyesha ndoo mapema kabisa, kinakuacha nayo, mwenye nyumba anakuja, anarudi kuchukua kofia, anakuja tena, anasimama kupiga chafya, nawe umeshika mdomo unajua na yeye hajui. Nimeonyesha kile kipande mara thelathini na watu wanacheka mara thelathini. Vipo na vile vya kigeni ambavyo watu wasioonekana wanacheka ndani ya televisheni kabla yako. Hivyo sivipendi. Ni kama mtu kukutafunia chakula.

Ng'ambo ya barabara kuna banda la George, kijana wa Songwa, hodari, ana spika mbili zenye urefu wa mlango, na anaonyesha picha mpya tu, za magari na mabomu. George alikuwa ananitania kila asubuhi kwenye chai kwamba picha zangu ni za watu wanaosubiri kufa. Nikamjibu kwamba zake ni za watu ambao hawajazaliwa. Utani ukakua, watu wakaanza kuchukua pande, na mwisho Mwigulu mwenyewe akaanza kunitazama kwa jicho la wasiwasi, akasema labda George ana hoja, labda wakati wa hivi vitu umepita. Hapo ndipo nilipowaambia wote mbele ya chai zao kwamba tushindane, na tushindane kama Bagika na Bagalu.

Wewe Mgalu wa kuzaliwa sina haja ya kukueleza. Lakini Sikujua kwao ni Uzinza, kwa hiyo wifi jua kwamba kwetu Usukumani, mavuno yakiisha, vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wako huru kuvuka huku na huku wanavyotaka, na jioni aliyebaki na umati ndiye mshindi. Hakuna jaji. Tulikubaliana hivyo hivyo. Jumapili saa nane mchana mabanda yote mawili yafungue, milango wazi, mtu aingie na kutoka, mpaka saa kumi na moja. Nikishindwa, nimkabidhi George kisanduku cha kanda, nishuke kwenye kipaza sauti na nirudi kwenye sufuria. Akishindwa yeye, Jumapili mchana banda lake liwe limefungwa na yeye aje akae benchi langu la mbele.

Usiku ule sikulala vizuri. Haikuwa kwa sababu ya sufuria, kupika si aibu. Nilijua kwamba nikishuka sitapanda tena, na hadithi zako zitaishia na mimi nyuma ya bati.

Siku ikafika. Wewe unakumbuka ngoma haikosi uvumi wa dawa. Watu wa George walitangaza kwamba nimefukia kitu chini ya ukuta wa chokaa, na kwamba nimeonekana nikitafuna mzizi. Mzizi ulikuwa tangawizi ya koo. Mwigulu akafukua chini ya ukuta mbele ya watu wote, akakuta kijiko changu nilichokitafuta tangu Pasaka.

Saa nane George alianza na magari yake na umati wote ukaenda kwake. Kwangu walibaki watu kumi na mmoja, na mbele kabisa alikaa Mama Nikhil, mama yake yule kijana wa duka, mjane wa miaka sitini na saba, amevaa sari ya bluu iliyopauka na miwani mikubwa. Alikuwa amesikia kanda za stoo yao zinaonyeshwa akaja kuziona. Nilianza na mwenye nyumba na ndoo. Kumi na mmoja hao walicheka mpaka bati likalia. Na hapa nimejifunza jambo, baba. Bomu ukilisikia kutoka nje hulihangaikii, unajua ni bomu. Kicheko cha watu wengine ukikisikia kutoka nje hukivumilii. Ng'ambo watu wakaanza kugeuza shingo, wawili wakavuka, wakaja wanne. Mwenye nyumba aliporudi kuchukua kofia yake nilikuwa na mabenchi saba yamejaa.

Nikaona huu ndio wakati, nikaweka ile picha yako. Ile ya mwanamke wa kengele. Ndiyo, ninayo, ilikuwa ndani ya kisanduku. Niliitambua kwa wimbo, ule unaoupiga mluzi ukichunga. Mwanamke ambaye mumewe ameibiwa ng'ombe arobaini, na dume kiongozi ana kengele shingoni aliyomfunga yeye kwa mikono yake, akatembea miaka saba akifuata mlio. Nilikuwa nimeshairudia kanda ile mara sita peke yangu nikitafuta ng'ombe. Sikuona hata mkia. Nikaamini kuna mtu aliikata sehemu za ng'ombe, maana wewe umeiona kwa macho yako ukatusimulia, utakuwa umekosea wapi? Basi nilijipanga. Farasi walipopita nikawaambia watu kwamba hao ndio wanaowafukuzia wezi, ng'ombe wenyewe wako mbele, vumbi lao lile. Hawakubisha. Picha haina rangi, ni nyeusi na nyeupe, lakini nikawaambia sari ya yule mwanamke ni ya njano kama ulivyotuambia wewe, na kuna mchimbaji mmoja hadi leo anaapa aliiona njano.

George kuona watu wanavuka, akafungua spika zake hadi mwisho. Sahani zilitikisika kwa mama lishe jirani. Mwigulu naye, badala ya kutulia, akafungua yetu hadi mwisho ajibu. Ikatoa moshi, ikakoroma, ikafa. Picha inaendelea ukutani, midomo inacheza, hakuna sauti. Nusu ya watu walisimama. Nilimwona Mwigulu ameshika kichwa. Kipaza sauti changu kina spika yake ndogo ya betri, hiyo ilikuwa nzima, lakini nilikuwa sina tena wimbo, sina farasi, sina mlango, sina kilio. Nilikuwa na picha tu na hadithi yako.

Nikasimama, baba. Sijawahi kusimama, mtafsiri anakaa. Nikaenda mbele karibu na ukuta nikafanya kila sauti kama ulivyokuwa unafanya kwenye mahindi. Farasi niliwapiga kwa viganja mapajani. Mlio wa mlango niliutoa kooni. Jambazi nilimpa kicheko chako kile kinachoanzia tumboni. Wimbo niliuimba kwa mluzi kwanza, halafu kwa Kisukuma, maneno niliyoyatunga pale pale kuhusu mtu anayewaita ng'ombe wake kwa majina, na majina niliyoyataja ni ya ng'ombe wetu. Waliosimama wakakaa. Wale wachimbaji wengi ni watoto wa wafugaji, wameacha ng'ombe wa baba zao Samuye na Kishapu na Bariadi, hawajawaona tangu mwaka juzi. Banda likanyamaza kabisa. Na ukimya nao unasikika ng'ambo ya barabara. Watu waliendelea kuingia kwa vidole vya miguu, wakakaa chini, wakajaa mpaka chini ya ukuta, kichwa cha mmoja kikawa kinaonekana ndani ya picha.

Mwishoni, kama unavyokumbuka, mwanamke anafika kwenye ukuta mrefu wa tajiri. Kwenye kanda anasimama, anaweka kiganja ukutani, anageuza sikio. Ng'ombe haonekani. Anayeonekana ni yule anayemsikia, uso wake tu, muda mrefu. Picha mpya isingethubutu kumwacha pale muda wote ule. Nilinyamaza. Kisha nikachukua mfuniko wa sufuria niliokuwa nimekuja nao, nikaugonga kwa kile kijiko cha Pasaka mara moja tu. Nikawaambia amesikia. Nikawaambia, nyuma ya ukuta dume ameinua kichwa, ameacha kula. Wanaume wenye mikono ya kupasua mawe walilia, baba, hawakujificha. Nilipogeuka nikamwona George mwenyewe amesimama kwenye turubai la mlango, kaacha magari yake yanalipuka peke yake kwenye banda tupu. Aliniambia baadaye kwamba alikuja kuangalia tu kama yule dume alipatikana.

Tumeshinda. Hakuna aliyehesabu, haikuhitajika. Walinizungusha sokoni kote wakipiga madumu, Mwigulu amebeba kipaza sauti juu kama kikombe cha mpira, na George akitembea mbele kabisa akiimba tangazo la sabuni. Jumapili ijayo ana benchi lake. Nimejaa furaha mpaka najionea haya, na nimekuandikia yote haya nikitaka ujue kwamba aliyeshinda pale si mimi peke yangu. Ndiyo maana naomba radhi yako niendelee. Bila radhi hiyo ushindi huu una kasoro, kama chai isiyo na sukari.

Wifi, karatasi zako zimeisha. Msalimie mume wako na watoto, mwambie mdogo aache kula udongo. Barua hii ataileta Eunice, yule muuza vitenge wa Samuye, anapita kwenda kwao Alhamisi. Inayofuata mpe baba.

*

Baba, sasa tuko wawili.

Watu walipotoka, Mama Nikhil alibaki kwenye benchi lake la mbele. Miwani ameivua, anaifuta kwa pindo la sari. Aliniita nikae karibu naye. Akaniambia kwa upole sana kwamba kwa miaka mingi hajafurahi hivyo, na kwamba katika picha ile hakuna ng'ombe. Hakuna hata mmoja, na hawajakatwa. Farasi ni wa harusi. Kengele ni ya hekalu. Yule mwanamke ana mdogo wake, na mdogo wake anaolewa na mwanamume ambaye yeye mwenyewe alimpenda akanyamaza. Nyuma ya ule ukuta kuna harusi, na yeye anaisikiliza kutoka nje. Hiyo ndiyo picha.

Niliona aibu. Akaniuliza nani alinifundisha ile ya ng'ombe. Nikamwambia ni baba yangu, Maduhu wa Samuye, aliyeiona katika sinema ya Shinyanga mwaka sabini na tatu, amekaa mstari wa mbele. Mama Nikhil akaivaa tena miwani yake. Kisha akasema Maduhu wa baiskeli.

Jina lake mwenyewe ni Bhanumati. Ni binti wa Bwana Ishwarlal, mwenye ile sinema. Alikuwa na miaka kumi na sita, anakata tiketi dirishani. Ameniambia yote, baba. Kwamba ulikuwa unalinda baiskeli za watazamaji nje, baiskeli themanini siku za Jumamosi mchana, bila vibandiko wala namba, na hukuwahi kumpa mtu baiskeli isiyo yake. Kwamba ulikuwa unaegemea ule ukuta wa nyuma ya spika, sikio ukutani, macho kwenye baiskeli. Kwamba Bwana Ishwarlal alikuita mara mbili uingie ukae, bure, na mara zote mbili ulishukuru ukasema watu wamekuamini na baiskeli zao. Na kwamba kila mapumziko yeye akitoka dirishani ulikuwa unamuuliza kitu kimoja tu. Hukuuliza nani kafa wala nani kaoa. Ulimuuliza yule mwanamke amevaa rangi gani.

Naye ameniomba nikuungamie kwa niaba yake, maana amelibeba hilo miaka hamsini na moja. Picha zile zilikuwa nyeusi na nyeupe. Hakukuwa na rangi yoyote. Aliona haya kukunyima, akawa anakutungia. Njano aliitunga. Nyekundu ya baada ya mapumziko aliitunga.

Sasa ungamo langu. Nilisema nimekaidi kwa sababu hukunielewa, na kumbe ni mimi ambaye sikukuelewa. Ulipouliza mara tatu ni picha zipi, uliogopa nitaiona ile yenyewe na nitajua hukuwa ndani. Nimejua, baba. Na nisikufiche, usiku wa Jumapili nilikasirika kidogo, nikajiona nimelelewa kwa uongo. Halafu nikakumbuka mimi mwenyewe nimesikiliza picha miaka mitatu nikiwa nyuma ya bati, mkononi kijiko. Nikakumbuka spika ilipokufa. Wewe ulikuwa na sauti bila picha, mimi nikapewa picha bila sauti, na watu wakaona kitu kizima. Ulisikia kwato ukajua ng'ombe, kwa sababu wewe ungelilia ng'ombe. Uso wa yule mwanamke ukutani niliutambua kabla sijaambiwa. Ila sikujua kwamba ni wako. Nadhani mama alijua. Ndiyo maana alikuwa anayatazama mahindi akicheka.

Sijamwambia mtu yeyote hapa, na sitamwambia. Ya ng'ombe nitaendelea kuitafsiri hivyo hivyo, Mama Nikhil amesema nikibadilisha hatakuja tena. Ninakuomba radhi kwa kukaidi, na ninakushukuru kwa uongo wote ule, sijapewa urithi mwingine mkubwa kama huo.

Jumapili ya tarehe ishirini na tano Nikhil atatuleta Samuye kwa pikapu yake, mimi na mama yake, na projekta, na deki, na spika mpya. Tutatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ndani wa ghala, tutaziba madirisha. Picha itakuwa na sauti yake yote na sitatafsiri hata neno. Kiti chako kitakuwa mbele kabisa, na Mama Nikhil amesema tiketi yako ataikata yeye. Wageni watakuja na baiskeli zao, nimeshaambiwa. Hizo usizihangaikie, nitakaa nazo mimi, nje, nyuma ya ukuta. Ukitoka utanisimulia.

Wasalimie ng'ombe, hasa yule wa mabaka. Yatunze macho, uyakinge na vumbi la mnadani kama daktari alivyokuambia. Nakutakia afya njema na siku nyingi, na ninasubiri siku hiyo kwa hamu kuliko nilivyosubiri ushindi wenyewe. Wakati wa mapumziko nitakuuliza kitu kimoja tu: amevaa rangi gani.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mariana Maduhu
mtafsiri, banda la Mwigulu, Katoro